Virusi, Kondo la Nyuma na Mtoto Aliye Tumboni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kondo la nyuma ni nini hasa, na linamlindaje mtoto dhidi ya virusi?

Kondo la nyuma ni kiungo kinachoota pamoja na mimba, kikajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuunganishwa na mtoto kwa kitovu. Mimba inapotimiza miezi yake, kondo huwa na uzito wa takriban nusu kilo na upana wa sentimita 20 hivi. Upande uliomwelekea mtoto ni laini na unang'aa, na mishipa ya damu huonekana ikitawanyika kutoka pale kitovu kilipojishikiza. Upande uliokuwa umeshikamana na mama ni mwekundu uliokolea, nao umegawanyika vipande ambavyo mkunga huvikagua kimoja kimoja mara baada ya kujifungua ili ahakikishe hakuna kilichobaki ndani.

Ndani ya kondo kuna vijitawi vingi vidogo mno vinavyobeba damu ya mtoto, na vijitawi hivyo huzungukwa na damu ya mama kama mizizi ya mikoko wakati maji yamejaa. Damu hizo mbili zinakaribiana sana, lakini kwa kawaida hazichanganyiki. Hewa ya oksijeni, chakula na kingamwili hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia tabaka jembamba linalofunika kila kijitawi, na tabaka hilo ndilo ngome yenyewe. Seli zake zimeungana zikawa utando mmoja usio na mipaka kati ya seli na seli, kwa hiyo vimelea vilivyozoea kupenya kwenye maungio ya seli havipati pa kupitia. Zaidi ya hayo, utando huo hutoa muda wote protini ziitwazo interferoni, ambazo huzitahadharisha seli za jirani zijiandae kupambana na virusi hata kabla havijafika. Ndiyo maana mama anaweza kuugua mafua mara tatu katika mimba moja na mtoto akazaliwa bila kirusi hata kimoja mwilini.

Kama ngome ni imara hivyo, virusi hupitaje?

Hupita pale ambapo ngome haikukamilika. Kondo lina sehemu ambazo seli zake huchimba na kuingia kwenye ukuta wa mji wa mimba ili lishike vizuri, na seli hizo za kushikiza hazina ule utando ulioungana. Virusi vinavyoweza kuishi kwenye ukuta wa mji wa mimba, kama vile sitomegalovirusi (kirusi kinachokaa mwilini maisha yote, tutakachokieleza hapo chini), huzishambulia seli hizo kwanza, kisha vikasogea polepole kuelekea kwenye vijitawi.

Njia ya pili inatumia mlango halali. Kondo lina vipokezi maalumu vinavyochukua kingamwili za mama na kuzivusha kwa mtoto, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kirusi kilichogandamana na kingamwili kinaweza kuvushwa pamoja nayo. Kikishavuka hukutana na seli za ulinzi za mtoto mwenyewe zilizomo ndani ya vijitawi, ambazo kazi yake ni kumeza vimelea. Hata hivyo virusi vya Zika na vya UKIMWI vimethibitishwa kuweza kuingia ndani ya seli hizo, na Zika huzaliana humo.

Njia nyingine ni majeraha madogo kwenye utando, uvimbe unaosababishwa na ugonjwa mwingine, maambukizi yanayopanda kutoka ukeni, na hatimaye uzazi wenyewe, saa ambayo mtoto hukutana na damu na majimaji ya mama yake moja kwa moja. Baadhi ya virusi, kwa mfano vya homa ya ini B na vya malengelenge ya sehemu za siri, humfikia mtoto hasa katika saa hiyo.

Je, ni lazima kirusi kimfikie mtoto ndipo adhurike?

Hapana, na jambo hili ningependa kila mjamzito alielewe, kwa sababu wengi huambiwa kwamba "ugonjwa haujafika kwa mtoto" wakadhani hatari imekwisha. Mtoto anaweza kudhurika bila kuambukizwa iwapo kondo lenyewe limeharibika, au iwapo mama ameugua kiasi kwamba mwili wake haupeleki damu na oksijeni ya kutosha.

UVIKO-19 ulitufundisha jambo hili kwa uchungu. Watoto waliozaliwa wakiwa na kirusi hicho walikuwa wachache, lakini baadhi ya akina mama walijifungua watoto wafu ambao miili yao haikuwa na kasoro yoyote. Makondo yao yalipochunguzwa kwa hadubini yalikutwa yamebadilika kabisa: nafasi ambazo damu ya mama ilipaswa kupita zilikuwa zimezibwa na fibrini, yaani zile nyuzinyuzi ambazo mwili hutumia kugandisha damu, seli za ulinzi za mama zilikuwa zimejazana humo, na utando wa nje wa vijitawi ulikuwa umekufa. Katika utafiti mmoja wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu vifo 68 vya watoto wa aina hiyo, uharibifu ulienea kwa wastani kwenye zaidi ya robo tatu ya tishu ya kondo. Watoto hao walikosa hewa. Takriban akina mama wote katika utafiti huo hawakuwa wamechanjwa.

Mfano mwingine ni homa ya ini E, ambayo huenezwa kwa maji machafu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke anayeugua ugonjwa huu katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba anaweza kufariki kwa kiwango kinachofikia asilimia 20 hadi 25. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya ya Kitgum, mlipuko ulioanza mwaka 2007 katika kambi za watu waliokimbia vita uliwapata watu zaidi ya 10,000. Kwa akina mama wa mahali kama hapo, maji safi na choo kinachofaa ni matunzo ya mimba sawasawa na vidonge vya kuongeza damu.

Kwa nini daktari huuliza kwanza mimba ina wiki ngapi?

Kwa sababu kirusi kilekile huleta madhara tofauti kabisa kulingana na wakati. Katika wiki 12 za kwanza viungo ndivyo vinaumbwa: moyo unagawanyika vyumba, macho na masikio yanajengeka, ubongo unaanza kuumbika. Maambukizi ya wakati huo yanaweza kuharibu maumbile au kusababisha mimba kutoka. Katika miezi ya kati viungo vimeshaundwa, lakini ubongo bado unakua kwa kasi, na damu ya mtoto inatengenezwa kwa wingi. Miezi ya mwisho, hatari kubwa huwa ni uchungu kuanza kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa na uzito pungufu, na maambukizi ya wakati wa kuzaliwa.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwa sitomegalovirusi, uwezekano wa kirusi kuvuka huongezeka kadiri mimba inavyokua, ilhali ukali wa madhara hupungua. Kwa hiyo mama aliyeambukizwa katika mwezi wa nane ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumwambukiza mtoto kuliko aliyeambukizwa katika mwezi wa pili, lakini mtoto wa huyu wa mwezi wa pili, akiambukizwa, ndiye aliye hatarini zaidi.

Rubela huonekana ugonjwa mdogo tu wa watoto. Kwa nini inaogopwa hivyo?

Kwa mtoto wa shule ni vipele vya siku tatu na homa kidogo, na mtu mzima anaweza hata asijue kwamba ameugua. Lakini mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona idadi isiyo ya kawaida ya watoto wachanga wenye mtoto wa jicho, na alipowauliza mama zao akagundua kwamba wengi waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Alikusanya taarifa za watoto 78. Kabla ya hapo, waganga wengi waliamini kwamba kasoro za kuzaliwa ni za kurithi tu. Taarifa yake ndiyo iliyofungua macho ya dunia kwamba maradhi ya mama yanaweza kuharibu maumbile ya mtoto.

Kirusi cha rubela hupitia kwenye damu ya mama, kikaambukiza vijitawi vya kondo na kuta za mishipa midogo iliyomo, kisha kikasafiri na damu hadi kwenye viungo vya mtoto. Huko hupunguza kasi ya seli kugawanyika, na ndiyo sababu watoto hao huzaliwa wadogo, wakiwa na macho yenye ukungu, uziwi, na tundu au mshipa wa moyo ambao haukufunga ipasavyo. Mama asiye na kinga akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufikia asilimia 90. Baada ya wiki ya 20 hatari hiyo hushuka sana. Katika mlipuko wa Marekani wa miaka ya 1964 na 1965, watoto wapatao 20,000 walizaliwa na kasoro hizo.

Hakuna dawa ya kuitibu rubela tumboni. Kinachofanya kazi ni chanjo inayotolewa pamoja na ya surua, ambayo Rwanda iliianza mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2019. Mzazi anayempeleka mwanawe wa miezi tisa kuchomwa sindano hiyo anamkinga mtoto huyo, na pia anamkinga jirani aliye na mimba changa ambayo bado hajamwambia mtu. Mabinti waliozaliwa kabla ya chanjo hiyo kuanza, na ambao hawakufikiwa na kampeni, wanapaswa kuulizia kinga yao kabla ya kushika mimba, kwa sababu chanjo yenyewe haitolewi kwa mjamzito.

Sitomegalovirusi ni nini, na mbona hatuisikii kliniki?

Ndicho kirusi kinachowaambukiza watoto wengi zaidi wakiwa tumboni kuliko kingine chochote duniani. Kinakadiriwa kumpata mtoto mmoja hivi kati ya kila 100 hadi 200 wanaozaliwa hai, na ni miongoni mwa sababu kuu za uziwi wa utotoni usio wa kurithi. Hatukisikii kwa sababu mama mwenye nacho huwa hana dalili, au huhisi uchovu na homa ndogo ambayo huhesabiwa kuwa malaria, na kwa sababu vipimo vyake si sehemu ya vile vinavyofanywa kwa kawaida kliniki.

Kirusi hiki hukaa mwilini maisha yote kikiwa kimelala. Katika nchi zetu watu wengi hukipata wakiwa wadogo, hivyo wanawake wengi huingia kwenye ujauzito wakiwa tayari na kingamwili. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito humwambukiza mtoto kwa uwezekano wa takriban asilimia 30 hadi 40, ilhali aliyekuwa nacho tangu zamani ana uwezekano mdogo sana. Mdogo sana, lakini si sufuri: kirusi kinaweza kuamka, au mama akapata aina nyingine ya kirusi hichohicho, na kwa kuwa wanawake hao ni wengi, watoto wengi walioathirika katika jamii zetu hutoka kwao.

Ndani ya kondo, kirusi hiki huzuia seli za kushikiza zisichimbe vizuri kwenye ukuta wa mji wa mimba, na huleta uvimbe kwenye vijitawi. Kondo hujitahidi kufidia kwa kunenepa, lakini bado damu haitoshi, na mtoto hudumaa tumboni. Kikimfikia, hupenda ubongo na sikio la ndani.

Njia kubwa ya kukipata ni mate na mkojo wa watoto wadogo. Mjamzito mwenye mtoto wa miaka miwili nyumbani, au anayefundisha chekechea, anashauriwa kunawa mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi na kufuta kamasi, kutomaliza uji uliobaki kwenye kijiko cha mtoto, na kumbusu kwenye paji la uso badala ya mdomoni. Najua ilivyo vigumu kwa mama wa Kiafrika kukataa kumega chakula kimoja na mwanawe. Lakini ni kwa miezi michache tu, na kinachokingwa ni usikivu wa mtoto mwingine.

Zika ilitokea Uganda. Je, bado ni tishio kwetu?

Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1947 katika damu ya tumbili aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, wakati wa utafiti wa homa ya manjano. Kwa miongo mingi kilihesabiwa kuwa si kitu, hadi kilipoenea Brazili mwaka 2015 na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo mno. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Kirusi hiki huua seli changa zinazotarajiwa kuwa ubongo, hivyo fuvu hukosa cha kulijaza na kuporomoka. Kati ya watoto waliozaliwa na mama walioambukizwa wakiwa wajawazito, asilimia 5 hadi 15 hukutwa na athari zake.

Mbu anayekieneza ndiye yuleyule wa dengi, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye madumu, matairi na vyungu vya maua, na Dar es Salaam na Mombasa zinamjua vizuri. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi kwa mbu huyu. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, kwa hiyo mume aliyerudi kutoka eneo lenye mlipuko anapaswa kutumia kondomu katika kipindi chote cha mimba.

Sisi ni wafugaji. Homa ya Bonde la Ufa inayotupa mimba za mifugo inaweza kutupa na za watu?

Swali hili linastahili kuulizwa zaidi ya linavyoulizwa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na kila mfugaji anajua dalili yake: baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, kondoo, mbuzi na ng'ombe wenye mimba huanza kutupa karibu wote kwa wakati mmoja. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 watu walikufa Kenya, Somalia na Tanzania.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mimba za binadamu zimesalimika. Lakini mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali ya Port Sudan kwa wajawazito 130 waliokuwa na homa, na zaidi ya nusu ya waliokutwa na maambukizi mapya ya kirusi hiki walipoteza mimba, dhidi ya takriban mmoja kati ya wanane kwa wasiokuwa na maambukizi hayo. Maabara nazo zimetoa sababu ya kuwa na wasiwasi: vipande vya kondo la binadamu vilipowekewa kirusi hiki, kiliweza kuambukiza hata ule utando wa nje ulioungana, ambao virusi vingi hushindwa kuuvuka.

Kwa hiyo ushauri kwa mjamzito wa nyumba ya wafugaji ni wa wazi. Mnyama anapotupa mimba, asiguse kijusi wala kondo lake, na asimzalishe mnyama. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine mwenye glavu. Maziwa yachemshwe, damu mbichi isinywewe, na mnyama mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya nyama. Akipata homa wakati mifugo inatupa, amweleze mhudumu wa afya habari ya mifugo pia, kwa sababu bila hiyo atapimwa malaria tu na kurudishwa nyumbani.

Na mpoksi inayotokea Kongo?

Mpoksi ni ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani. Katika mkoa wa Sankuru, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wajawazito wanne waliougua walifuatiliwa kati ya mwaka 2007 na 2011: mmoja tu alijifungua mtoto mzima, wawili mimba zilitoka mapema, na mmoja mtoto alifia tumboni akiwa na vipele mwilini na kirusi kwenye kondo. Wanne ni wachache mno kutoa asilimia, lakini wanatosha kuonyesha kwamba kirusi hiki huvuka. Tangu dharura iliyotangazwa tarehe 14 Agosti 2024, ugonjwa umefika pia katika nchi jirani, na mjamzito mwenye vipele na homa anapaswa kwenda kituoni siku hiyohiyo na kuepuka kugusana na wengine.

Mama mwenye VVU au homa ya ini B anaweza kupata mtoto asiye na maambukizi?

Ndiyo, na hapa ndipo tiba imepiga hatua kubwa kuliko mahali pengine pote katika ukurasa huu. Bila dawa yoyote, VVU humfikia mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, ukijumlisha mimba, uzazi na kunyonyesha. Mama akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5, na kwa aliyeanza dawa kabla ya kushika mimba na ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, hatari huwa ndogo zaidi. Kondo huzuia sehemu kubwa ya VVU; linapokuwa na uvimbe kutokana na maambukizi mengine, ulinzi huo hulegea. Hiyo ni mojawapo ya sababu ambazo kaswende na malaria hutafutwa na kutibiwa kwa mama huyohuyo, ingawa hayo mawili hayaletwi na virusi.

Homa ya ini B husubiri kuzaliwa. Mtoto anayeipata siku hiyo ana uwezekano wa asilimia 90 wa kubaki nayo maisha yote, pamoja na hatari ya saratani ya ini ukubwani. Kinga bora ni chanjo inayotolewa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na kwa mama mwenye virusi vingi, dawa ya tenofovir katika miezi ya mwisho. Chanjo ya pamoja ya wiki ya sita inakuja imechelewa kwa maambukizi haya. Mama aliyeambiwa kwamba ana homa ya ini B asisite kuuliza mapema kama kituo anachokwenda kujifungua kina chanjo ya siku ya kwanza. Kunyonyesha hakukatazwi.

Nimekutana na mtu mwenye tetekuwanga. Nifanye nini?

Kama uliwahi kuugua tetekuwanga utotoni, tulia, una kinga. Kama hujawahi, mwone daktari mapema iwezekanavyo, usisubiri vipele, kwa sababu kuna sindano ya kingamwili na dawa ya kuzuia virusi zinazosaidia zikitolewa mapema. Madhara ya maumbile kwa mtoto ni nadra, takriban asilimia 2 iwapo mama ataugua kati ya wiki ya 13 na ya 20. Hatari kubwa zaidi ni vipele vya mama kutokea kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, kwani mtoto huzaliwa na kirusi lakini bila kingamwili za mama.

Nina mafua na homa tu. Je, mtoto yuko hatarini?

Kirusi cha mafua ni nadra kuvuka kondo. Kinachohitaji kushughulikiwa ni homa kali na kupumua kwa shida. Parasetamoli inafaa, aspirini na aibuprofeni zisitumiwe bila ushauri wa daktari, hasa mahali penye dengi, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Homa yoyote katika ukanda wetu ipimwe malaria kwanza. Ukihisi pumzi inabana, au mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali usiku huohuo.

Daktari hujuaje kwamba kirusi kimemfikia mtoto?

Huanza na damu ya mama. Kingamwili za aina ya IgM huashiria maambukizi mapya na za IgG huashiria ya zamani, lakini IgM inaweza kubaki kwa miezi au kujitokeza kimakosa, kwa hiyo jibu moja lisichukuliwe kuwa hukumu. Ultrasaundi huonyesha ukuaji wa mtoto, ukubwa wa kichwa, madoa meupe kwenye ubongo, maji yaliyojaa tumboni mwake na unene wa kondo. Kwa pavovirusi B19, ambayo hushambulia seli zinazotengeneza damu ya mtoto, ultrasaundi hupima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo ili kujua kama ana upungufu wa damu, na katika hospitali chache zenye ujuzi huo mtoto huongezewa damu angali tumboni.

Uthibitisho kamili hutokana na maji ya uzazi yanayochukuliwa kwa sindano. Kwa sitomegalovirusi, kipimo hicho huaminika baada ya wiki ya 20 na baada ya kupita wiki kadhaa tangu mama alipoambukizwa, kwa kuwa kirusi huhitaji muda kufika kwenye figo za mtoto na kutoka na mkojo wake. Na tusisahau kwamba mtoto aliyeambukizwa si lazima awe mtoto aliyedhurika. Wengi huzaliwa wazima.

Chanjo zipi zinafaa wakati wa ujauzito?

Chanjo zisizo na kirusi hai, kama za pepopunda, mafua na UVIKO-19, zinafaa, na zina faida mara mbili: mama anakingwa, na kingamwili zake huvushwa na kondo hadi kwa mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, zikamlinda katika miezi yake ya mwanzo. Mtoto njiti hukosa sehemu kubwa ya zawadi hiyo. Chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya surua na rubela, hutolewa angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Aliyechanjwa bila kujua kwamba ni mjamzito asifikirie kuitoa mimba kwa sababu hiyo. Wanawake wengi wamefuatiliwa baada ya kuchanjwa hivyo na watoto wao hawakukutwa na kasoro za rubela.

Nilijifungua mtoto mfu. Je, kondo lingeweza kueleza sababu?

Mara nyingi, ndiyo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kondo hupewa familia likazikwa kwa heshima, na desturi hiyo haipingani na uchunguzi: daktari anahitaji vipande vidogo tu vilivyohifadhiwa kwenye fomalini, na kilichobaki kinaweza kurudishwa. Tatizo ni kwamba ombi lisipotolewa chumba cha kujifungulia, kondo limekwenda. Naamini familia yoyote iliyofiwa na mtoto ina haki ya kuelezwa kwamba uchunguzi huo upo, hata kama kituo chenyewe hakina maabara na sampuli italazimika kupelekwa hospitali ya rufaa. Jibu linaweza kumwondolea mama lawama anazojitwika au kutwikwa na wakwe, na humsaidia daktari kupanga mimba inayofuata.

Mtoto wangu amezaliwa na anaonekana mzima. Bado afuatiliwe?

Kama uliugua mojawapo ya magonjwa haya ukiwa mjamzito, ndiyo. Sitomegalovirusi hupimwa kwenye mkojo au mate ya mtoto ndani ya wiki tatu za kwanza. Baada ya hapo haiwezekani tena kutofautisha maambukizi ya tumboni na aliyoyapata kwa kunyonya au kwa ndugu zake. Mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa kwa tone la damu kwenye karatasi maalumu, kwa kawaida akiwa na wiki sita au mapema zaidi, na hurudiwa kadiri anavyoendelea kunyonya.

Usikivu ndio unaohitaji subira kubwa. Mtoto mwenye sitomegalovirusi anaweza kusikia vizuri siku anapozaliwa na kuanza kupoteza usikivu miaka miwili au mitatu baadaye, wakati ambapo nyumbani ataonekana mkaidi au mzito wa kusema. Mwambie muuguzi aandike historia ya ugonjwa wako kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na uombe masikio yake yapimwe tena na tena hadi aanze shule.